Sayari ya Tisa na Ghala la Mbegu

Skola mwanangu,

Umekwenda mtaa wa Ramadhani kusuka nywele, na mimi nimekaa jikoni na kalamu yako ya bluu uliyoiacha dirishani. Nimeona niandike kabla hujarudi, maana ukirudi unaweza kuniuliza tena, na mimi naweza kukujibu vilevile nilivyokujibu jana.

Jana tulikuwa tunamenya viazi. Ukaweka kisu chini, ukasema, "Mama, ukisema nibaki, nabaki. Sema tu." Nikakuambia lete sufuria. Ukaleta. Hukuuliza tena, ila uliniangalia mpaka chakula kikaiva. Nilijua unangoja. Mimi pia nilikuwa nangoja, nikidhani jibu litatoka lenyewe, halikutoka. Tangu tumzike baba yako moyo umekufa ganzi. Sisikii njaa, sisikii uchungu, hata baridi hii ya asubuhi inayowafanya watu wakimbilie moto mimi naipita tu na ndoo yangu ya maji. Kwa hiyo usifikiri nilikudharau. Kinywa kilikuwa kitupu. Nimeona nijaribu kwa mkono, na karatasi hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome leo kabla hujalala.

Sitakuandikia habari za kufua shuka, kula kwa wakati na kuchagua marafiki. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na wenzako bwenini bila huruma. Nataka nikuandikie kuhusu yule Mwamerika wa baba yako.

Unamjua. Hakuna mtoto aliyepita kwenye darasa lake la fizikia asiyemjua. Kijana wa shambani, amemaliza shule, anataka chuo, ikaja mvua ya mawe ikalaza mazao yote ya baba yake na chuo kikaishia hapo. Akabaki nyumbani. Mchana alifanya kazi za shamba, jioni alijitengenezea darubini kwa vyuma vya gari bovu na mashine za kilimo zilizochakaa. Akachora alichokiona kwenye sayari, akaituma michoro kwa wataalamu wa nyota, nao wakamwita kazini. Huko akapewa kazi ambayo wenye digrii hawakuitaka sana, ya kutazama picha za anga mbilimbili, za sehemu ileile zilizopigwa siku tofauti, na kutafuta katikati ya maelfu ya nyota kidoa kimoja kilichohama. Akakitafuta muda mrefu, akakiona. Ikawa Pluto, sayari ya tisa, na yeye mlango wa chuo kikuu alikuwa hajaukanyaga.

Baba yako akifika kwenye mvua ya mawe alikuwa anasimama kidogo. Anawatazama wanafunzi, halafu anasema, "Mnaona? Bila ile mvua asingeipata." Hapo sikuwahi kukubaliana naye. Mimi nimeiona mvua ya mawe ikivunja majani ya viazi vyetu misimu mingi, na haijanipa sayari hata moja. Nilimwambia, "Mtu akishafanikiwa, mnaanza kusifia kila kitu kilichompiga. Wale majirani zake waliopigwa na mvua hiyohiyo wakabaki maskini, mbona huwafundishi?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Skola, wewe ungefaa uwe wakili."

Lakini ile sehemu ya picha niliielewa mara moja. Nimechambua mbegu za viazi tangu nikiwa mtoto, kiazi baada ya kiazi, natafuta kimoja chenye doa ambacho kikipita kitaozesha gunia zima. Najua macho yanavyochoka, najua unavyofika mahali unaona viazi hata ukifumba macho. Kwa kazi hiyo nilimheshimu yule mtu. Hayo mengine ya kipaji na bahati niliwaachia walimu.

Mimi pia niliwahi kubaki, Skola. Sikukusimulia, maana haina utamu. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi ya kusomea uuguzi huko Makete. Sanduku lilikuwa tayari. Bibi yako akaugua mguu, ukavimba, akawa hatembei. Hakuna aliyenikataza kwenda. Kaka zangu walikaa pale sebuleni, wakanywa chai, wakanitazama. Walipoendelea kunitazama nikasema nitabaki, na wote wakashusha pumzi. Mguu wa bibi yako ulipona kabla hatujavuna. Nafasi yangu ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

Kanisani nikawa mfano. Mtoto mwema, mtazameni. Lakini ndani nilianza kumdai bibi yako. Nikimpelekea uji, nilikuwa nasema kimoyomoyo, uji huu umekula uuguzi wangu. Nikimkanda mguu, nasema hivyohivyo. Yeye hakujua kitu, alikuwa anakunywa na kunibariki. Nilimdai namna hiyo mpaka anakufa, mtu ambaye hakuniomba nibaki. Alipokufa nililia sana, na nusu ya kilio hicho ilikuwa aibu. Sitaki siku moja uniletee uji wa namna hiyo. Naijua ladha yake, maana mimi ndiye niliyeupika.

Sasa nikwambie la ghala, maana baba yako alikuwa analisimulia kwa kulikata katikati ili wageni wacheke.

Mwaka niliokuwa na mimba yako, baba yako aliamua kutengeneza darubini kama ya yule Mwamerika. Bomba alilipata mjini, lile la plastiki la maji taka. Kioo kizito alikipata Makambako kwa Mzee Hamisi, yule mwenye malori aliyekuwa anabeba viazi vyetu kwenda Dar. Kilikuwa kioo cha kaunta ya duka iliyovunjika, na Mzee Hamisi akampa na beringi ya gurudumu la lori ya kuzungushia darubini. Kukisaga kile kioo kulichukua msimu mzima. Alikuwa anatumia ule unga mkali ambao mafundi magari wanasagia vali, amekiweka juu ya pipa, analizunguka hatua kwa hatua, anasaga, anazunguka, na mimi nasikia kioo kinalia huku napika.

Kikishasagwa lazima kipimwe gizani, mahali ambapo hewa imetulia. Yule Mwamerika alichimba shimo shambani kwao akapimia humo. Baba yako naye alichimba, mvua ikalijaza maji, bata wa jirani wakahamia. Basi mimi nikaitwa kijijini Mdandu, dada yangu amejifungua. Huku nyuma mwalimu akatazama huku na huku, akaona ghala langu la mbegu.

Wewe umelelewa humo ndani, unajua. Mbegu ya kiazi haikai kwenye jua na haikai kwenye giza. Inataka mwanga hafifu, ndipo itoe machipukizi mafupi, ya kijani, magumu. Kila mtoto wa Njombe anajua hilo. Baba yako alikulia Makambako mjini, kwa wauza spea. Aliziba madirisha yote ya ghala kwa nailoni nyeusi na magunia, akawasha kibatari ndani ya kopo lenye tundu la sindano, akakaa na wembe wake wa kupimia mwanga na kioo chake, siku baada ya siku. Mbegu zipo kwenye vichanja nyuma yake, hata hakuzigusa. Alijivunia hilo. "Sikuzigusa hata moja," aliniambia.

Niliporudi kutoka Mdandu nikang'oa nailoni. Machipukizi yalikuwa marefu, meupe, membamba, yamejisokota kutoka kichanja hiki hadi kile. Ukiyagusa yanakatika. Msimu ulikuwa umeshafika, pesa ya mbegu nyingine haikuwepo, nikapanda hivyohivyo na mimba yangu. Mavuno yalikuwa ya kuaibisha. Majirani wakawa wanapita wakinisalimia, "Kamwene, mama! Mwaka huu mwalimu ameotesha nyota?" Sikusema na baba yako mpaka wewe ukazaliwa. Nilikuwa namwekea chakula mezani naondoka.

Darubini ilipokamilika aliniita uwanjani, wewe ukiwa mgongoni. Nikaweka jicho. Nikaona Jupita, duara dogo la rangi ya maziwa, na vinukta vinne pembeni yake vimejipanga. Nikauliza, "Hivi ndivyo vilivyokula mbegu yangu?" Akasema, "Ndiyo, mama." Nikaangalia tena, muda mrefu. Wageni walikuwa wanachekea hapo, naye anamaliza hadithi. Yeye hakuwa anasema kwamba nilirudi ndani nikiwa bado na hasira. Nilikuwa nayo. Nilifurahi kuona vile vinukta na nilitaka mbegu yangu, vyote kwa pamoja, na hakuna kimoja kilichofuta kingine. Nakuambia ili wakikuambia huko kwamba upendo unafanya hasara isiwe hasara, usiwabishie, ila usiwaamini sana.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni walipoiondoa Pluto. Redio ilisema wataalamu wamekutana, wamepiga kura, sayari sasa ni nane. Kesho yake mwanafunzi akamuuliza, "Mwalimu, ya tisa imekwenda wapi?" Akamjibu, "Haijaenda mahali. Inazunguka kama jana. Watu ndio wamepanga upya majina." Alijibu vizuri darasani, lakini nyumbani alikula ugali, akaenda kulala mapema. Nilimuuliza kama yule Mwamerika ameumia. Akasema, "Yeye ameshakufa. Ila mke wake yupo, mzee."

Wakati ule sikumfikiria huyo mke. Nilifikiri viazi. Siku hizi ninamfikiria yeye kuliko mumewe. Amekaa na mtu ambaye maisha yake yote wanamwita mwenye sayari, amemzika, halafu anafungua redio. Nilitaka sana kujua alifanya nini siku hiyo, kama alilia, kama alizima redio akaendelea na vyombo. Vitabu vya baba yako havikusema.

Mwezi uliopita nilikwenda shuleni kuchukua vitu vyake. Kwenye ubao wa ofisi ya walimu kuna ratiba mpya, na kwenye fizikia kuna jina la mwalimu mwingine, kijana, alinisalimia kwa adabu akanisaidia kufunga boksi. Nikasimama mbele ya ile ratiba nikingoja niumie. Nilisimama mpaka yule kijana akaniletea kiti. Sikuumia. Nikasema asante, nikabeba boksi, nikapanda bodaboda. Ndivyo nilivyo siku hizi. Msibani wanawake walikuwa wananong'ona kwamba Mama Skola ni mgumu, hatoi chozi. Sikuwa mgumu. Nilikuwa nawaona wanalia kama mtu anayetazama watu wengine wakila.

Sasa la baba yako mdogo. Siku ya kumaliza tanga mlipokuwa nje mnaosha vyombo, alisema mbele ya ukoo, "Shemeji, mtoto asubiri. Kaburi halijajengewa, misa ya mwaka bado. Watu wa Makambako watatuelewaje? Baba hajapoa, binti yuko Dar anasomea nyota?" Wazee wakatikisa vichwa. Wakanitazama. Nilikumbuka ile chai ya kaka zangu. Mzee Hamisi alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake, amekuja kutoa pole, si mtu wa ukoo wala wa dini yetu, akaomba ruhusa ya kusema. "Mimi sina la kuwafundisha. Ila marehemu alinisumbua kwa kile kioo mwaka mzima, kila nikipita ananiuliza. Leo mwanawe abaki anamenya viazi? Hapana, ndugu zangu. Mungu atatuuliza." Baba yako mdogo akakunja uso, bado ameukunja, lakini ndiye atakayekupeleka Makambako kesho alfajiri na kile kigari chake cha kirikuu, na ndiye aliyekukatia tiketi. Mshukuru. Yeye naye amefiwa, na anadhani ukikaa hapa kaka yake atakuwa hajaondoka kabisa.

Kuhusu kaburi nina neno moja. Ulikuwa darasa la nne baba yako alipokupeleka mjini kutazama picha za Pluto kwenye kompyuta, kile chombo cha angani kilipofika huko. Mlirudi mmejawa na maneno, wewe unaruka, unasema ina alama kama moyo. Baba yako akaniambia kwamba ndani ya kile chombo walitia majivu kidogo ya yule Mwamerika, kwa hiyo amepita jirani kabisa na ile Pluto aliyoigundua. Nilikuwa nasonga ugali, nikaacha mwiko. Kumchoma mtu! Nikamwambia, "Wewe ukifa usithubutu. Nitakuzika hapa nyuma ya nyumba, kwenye udongo, nikuone." Akasema, "Hata mimi. Huko ni baridi kuliko Njombe."

Basi nimemzika hapa nyuma ya nyumba, na namwona. Kaburi nitalijengea mimi pamoja na baba yako mdogo, misa itasomwa, majina yatatajwa, pilau italiwa. Huhitajiki kwa hayo. Ukiwepo utabeba masufuria, usipokuwepo atabeba binamu yako. Baba yako hakuhitaji mlinzi wakati yuko hai, alihitaji mtu wa kumwambia asizibe madirisha ya watu. Nani wa kulinda pale? Mimi napita kila asubuhi nikienda kisimani, na hiyo inatosha.

Nimejitahidi kukutafutia mafundisho kutoka kwa yule mtu, kama baba yako angefanya, lakini mimi si mwalimu. Kitu ninachokishika ni kidogo. Alipoitwa kazini alipanda treni kwenda mbali, hajui atafanya nini, na nauli ya kurudi hana. Wewe nawe umekataa basi, umechagua treni, najua kwa nini, ingawa itafika itakapofika na utakaa pale stesheni ya Makambako mpaka uchoke. Baba yako alinisimulia safari ile mara nyingi. Alinisimulia babake yule kijana alivyomsindikiza. Habari za mama yake hakunisimulia hata mara moja. Nilimuuliza, "Mama yake alisema nini?" Akasema haijaandikwa. Mimi nadhani haijaandikwa kwa sababu hakusema. Alibaki na ile mvua ya mawe na watoto wengine na vyombo, akamwacha mtoto wake aende, na hakuna mtu aliyeona kwamba hapo kuna habari.

Basi jibu lako hili hapa. Nenda.

Nimeliandika, nimelitazama. Usisome hapo kwamba sitaki ubaki. Nataka. Nataka uwepo jikoni hapa, usuke nywele zako hapa, unikasirishe. Nikikuacha ubaki nitafurahi kwa muda, halafu siku moja utaniletea uji, na mimi nitautambua. Nenda ukasome hizo nyota, na ukishindwa kuzisoma usome kitu kingine, na ukishindwa kabisa urudi, hapa si mahabusu na wala si mahali pa kuogopa kurudi. Ila usirudi kwa sababu yangu.

Kesho baba yako mdogo atapiga honi alfajiri. Chai itakuwa kwenye chupa, mandazi yapo kwenye lile hotpoti la kijani. Mimi nitakuwa macho, nitasikia ukivaa viatu. Usije chumbani kuniaga. Leo asubuhi ulipokuwa unapanda bodaboda ulisema tu "Mama, nakwenda," kama unavyosema siku zote, na kitu kikanishika hapa kifuani, mara ya kwanza tangu msiba, kikaniuma kweli, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Bodaboda ikaondoka. Ukiingia kesho nitasema baki, Skola, na wewe utabaki. Pita moja kwa moja uende kwenye gari.

Mama yako